Injini Mbili Ndani ya Wingu: Historia ya Mafunzo ya Kuruka kwa Ala, Kutoka Wilson Hadi Anga ya Ozi

Idhini ya kuruka kwa ala katika ndege zenye injini zaidi ya moja ni kibali anachoongezewa rubani mwenye leseni ili aweze kurusha ndege ya aina hiyo ndani ya mawingu, ukungu au giza, pasipo kuona ardhi wala upeo wa macho. Rubani asiye na idhini hiyo hulazimika kuruka kwa kuona: wingu likitanda mbele yake, hugeuka. Aliye nayo huruhusiwa kuingia humo, akiongozwa na ala zilizo mbele yake, redio, na maelekezo ya waongoza ndege.

Umuhimu wa kibali hicho huonekana wazi katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Kijiji cha Ozi kiko kwenye delta ya Mto Tana, karibu na Kipini, mahali mto mrefu kuliko yote nchini unapoingia Ghuba ya Ungwana. Ndege ndogo inayofuata pwani kutoka Malindi kwenda Lamu hupita juu ya ghuba hiyo, juu ya mikoko, mashamba ya mpunga na msitu wa Ozi. Kwenye siku ya kaskazi iliyo safi, mto na ufuo vyatosha kumwonyesha rubani njia. Msimu wa mvua kubwa, kusi inapoanza, mawingu hushuka na mvua hufunika ghuba na bara pamoja. Usiku, taa za vijiji vya delta ni chache na bahari ni nyeusi, hata mpaka kati ya mbingu na maji hupotea. Hapo macho hayamsaidii rubani tena.

Mwili usioaminika

Katika miongo ya kwanza ya urubani, wengi waliamini kwamba rubani hodari huihisi ndege yake kwa mwili: akikaa vizuri kitini, atajua kama inainama au inapinda. Imani hiyo iliua watu. Sehemu ya ndani ya sikio inayotunza msawazo haihisi mzunguko unaoanza taratibu, na mzunguko ukiendelea kwa muda, huacha kuuhisi kabisa. Rubani aliye winguni anaweza kudhani ndege imenyooka kumbe imelala ubavu na inateremka kwa mzingo. Akijaribu kuiinua bila kwanza kunyoosha mabawa, mzingo huzidi kukaza.

Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kilifanya jaribio kwa wanafunzi 20 wa urubani ambao hawakuwa wamefundishwa kuruka kwa ala. Kila mmoja alinyimwa nafasi ya kuona nje, huku mwalimu akiwa kando yake. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege. Wastani wa muda uliopita kabla ya hali kuwa ya hatari ulikuwa sekunde 178, yaani chini ya dakika tatu.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa imekwisha kupatikana robo karne kabla ya jaribio hilo. Tarehe 24 Septemba 1929, rubani Mmarekani Jimmy Doolittle aliruka kutoka Mitchel Field, New York, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa asione nje. Alitegemea upeo bandia na kionyesha mwelekeo, vyote vikiendeshwa kwa jairoskopu za kampuni ya Sperry, pamoja na altimita nyeti ya Kollsman iliyopima kimo kwa usahihi kuliko zilizotangulia. Rubani wa pili alikuwamo kwa tahadhari, lakini hakugusa usukani.

Ilibaki kazi ya kuwafundisha marubani wa kawaida. Edwin Link, mwana wa mtengenezaji wa vinanda na ogani, alikuwa ameunda mashine ya kufundishia urubani ardhini iliyoinama na kuzunguka kwa nguvu ya hewa. Kwa muda haikupata wanunuzi wengi wa maana. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani wake zaidi ya 10 wakafa katika muda mfupi, wengi wao kwenye hali mbaya ya hewa. Mwaka huohuo jeshi lilinunua mashine sita za Link. Ndizo mama wa simuleta za leo.

Wilson na miaka ya kuona kwa macho

Mwaka huohuo wa Doolittle, 1929, Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi. Rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black, na ndege ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, ndege nyepesi ya injini moja. Klabu ya urubani, Aero Club of East Africa, ilikuwa imetangulia mwaka 1927. Katika miaka ya 1930 Wilson Airways ilibeba abiria na barua kati ya Nairobi na miji ya pwani: Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Kadiri kazi ilivyokua, kampuni ilipata ndege za de Havilland zenye injini mbili.

Marubani wa wakati huo walifuata reli, mito na ufuo wa bahari. Redio za kuongozea ndege zilikuwa chache, na ramani za bara zilikuwa na sehemu kubwa tupu. Beryl Markham, aliyefundishwa urubani na Campbell Black na kuwa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kupata leseni ya urubani wa biashara, alipata umaarufu duniani Septemba 1936 alipovuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, akielekea magharibi dhidi ya upepo. Sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa usiku na ndani ya mawingu. Kufikia hapo ilikuwa dhahiri kwamba rubani wa safari ndefu hawezi kukwepa ujuzi wa ala.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, ndege za Wilson Airways zilichukuliwa kwa shughuli za vita, na kampuni haikufufuka. Uwanja wake ulibaki. Mwaka 1962 uwanja uliokuwa ukiitwa Nairobi West ulipewa jina la Wilson, na hadi leo ndio kitovu cha mafunzo ya urubani nchini Kenya.

Vita vilileta pia mafunzo ya ndege za injini mbili kwa kiwango ambacho Kenya haikuwa imekiona. Jeshi la anga la Uingereza lilifungua vituo vya mafunzo huko Nakuru na Nanyuki, ambako wafanyakazi wa ndege za kivita walifunzwa kwenye ndege kama Blenheim, yenye injini mbili. Nyanda za juu zilikuwa mbali na adui na zilikuwa na nafasi ya kutosha. Hata hivyo hewa yake ni nyepesi, na injini zilizotengenezwa Ulaya hazikutoa huko nguvu zilizozitoa karibu na usawa wa bahari. Jambo hilo limeendelea kumhusu kila mwanafunzi wa ndege za injini mbili anayeanzia Nairobi.

Shirika moja, shule moja

Januari 1946 shirika la East African Airways lilianza safari likiwa na ndege sita za Dragon Rapide za injini mbili. Baadaye zilikuja Dakota, kisha Comet za jeti mwaka 1960, na VC10 katikati ya muongo huo. Kila hatua ilidai marubani wenye ujuzi zaidi wa ala, kwa sababu ndege ya abiria yenye ratiba haiwezi kusubiri wingu liondoke.

Gharama ya kukosea ilionekana tarehe 18 Mei 1955, Dakota ya shirika hilo iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi ilipougonga Mlima Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa. Mlima wenye kimo cha mita 5,895 karibu na njia ya kawaida ya ndege ulionyesha kwamba kuweza kuinyoosha ndege winguni ni nusu tu ya somo. Nusu nyingine ni kujua, kila dakika, ndege iko wapi na ardhi iliyo chini yake ina kimo gani.

Mwaka 1954 ilianzishwa shule ya usafiri wa anga ya Afrika Mashariki, iliyoko Embakasi, Nairobi, kwa ajili ya kuwafunza waongoza ndege na mafundi wa mitambo. Kazi hiyo ni upande wa pili wa idhini ya ala: rubani winguni haoni ndege nyingine, kwa hiyo lazima pawe na mtu ardhini anayezitenganisha. Uwanja mpya wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958.

Marubani wenyewe, kwa muda mrefu, walitoka nje au walipelekwa nje kusoma. Ili kurekebisha hali hiyo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mwaka 1971 chuo cha urubani huko Soroti, mashariki mwa Uganda, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Soroti ilikusudiwa kuwafundisha vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania kuanzia ndege ya injini moja hadi ya injini mbili, pamoja na kuruka kwa ala, na kuwafunza mafundi wa ndege papo hapo. Kwa mara ya kwanza kijana wa eneo hili aliweza kupitia ngazi zote za msingi za urubani wa biashara bila kuvuka bahari.

Mpango huo ulidumu miaka sita tu. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. East African Airways ilikufa, Kenya Airways ikaanzishwa mapema mwaka huohuo, shule ya Embakasi ikabaki Kenya na chuo cha Soroti kikabaki Uganda. Mwanafunzi Mkenya aliyetaka idhini ya ala kwenye ndege ya injini mbili alibaki na njia mbili: shule za binafsi za Wilson, au kwenda ng'ambo. Wengi walichanganya njia hizo. Irene Koki Mutungi, aliyejiunga na Kenya Airways mwaka 1995 akiwa rubani wake wa kwanza mwanamke, alianzia Wilson kisha akaendelea na masomo nchini Marekani. Mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787.

Kanuni za masomo

Masharti ya idhini hii yanatokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba huo, kinachohusu leseni, kilipitishwa mwaka 1948 na kimerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Nchini Kenya kanuni husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, iliyoundwa mwaka 2002. Nchi za Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki zina pia wakala wa pamoja wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, unaosaidia kuoanisha kanuni zao.

Kwa kipimo cha ICAO, mwombaji anayerusha ndege za kawaida lazima awe amekamilisha saa 50 za safari za mbali akiwa rubani mkuu, na saa 40 za kuruka kwa ala. Sehemu ya saa hizo 40 yaweza kufanywa ardhini: kwa kawaida zisizozidi 20, au 30 ikiwa imetumika simuleta kamili. Angalau saa 10 lazima zifanywe angani pamoja na mwalimu. Akitaka kutumia idhini hiyo kwenye ndege ya injini nyingi, lazima afundishwe ndani ya ndege ya namna hiyo, na mkazo uwe juu ya kuiongoza kwa ala pekee huku injini moja ikiwa imekufa au imefanywa kana kwamba imekufa.

Sharti hilo la mwisho ndilo kiini cha mafunzo yote. Kwa mtu asiye rubani, injini mbili ni usalama maradufu. Kwa rubani asiyefundishwa, injini ya pili yaweza kuwa ndiyo inayomuua. Injini moja ikizimika, ile iliyo hai huusukuma upande mmoja tu wa ndege. Pua hugeukia upande wa injini mfu, bawa la upande huo hushuka, na propela isiyo na nguvu huwa breki hewani. Ndege ndogo iliyopoteza injini moja haipotezi nusu tu ya uwezo wake wa kupanda. Hupoteza asilimia 80 au zaidi. Na mwendo ukishuka chini ya kiwango maalumu, kinachoonyeshwa kwa mstari mwekundu kwenye kipima mwendo, usukani wa mkia hautoshi tena kuizuia ndege isipinduke. Mstari wa buluu huonyesha mwendo unaofaa kupandia kwa injini moja.

Mwanafunzi hufundishwa utaratibu usiobadilika. Kwanza hudhibiti ndege: hukanyaga pedali kuizuia pua isigeuke, na huinamisha ndege kidogo, isizidi nyuzi tano, kuelekea injini iliyo hai. Kisha huongeza nguvu na kuondoa vinavyoburuta hewa, kama magurudumu. Ndipo hutambua injini iliyokufa kwa mguu usiofanya kazi: mguu uliolegea uko upande wa injini mfu. Hata hivyo haizimi hapohapo. Huhakikisha kwanza kwa kurudisha polepole mkono wa nguvu wa injini hiyo, na pasipokuwa na badiliko lolote, huyageuza mapanga ya propela yakate upepo badala ya kuuzuia. Rubani mwenye haraka aliyezima injini nzima hana tena injini yoyote.

Haya yote ni magumu hata kwenye anga safi. Winguni ugumu huongezeka, kwa kuwa pua inayogeuka haionekani kwa nje. Huonekana kwenye sindano za ala. Mwanafunzi huvishwa kofia pana inayomzuia kuona nje, na mwalimu hupunguza nguvu ya injini moja bila kumwarifu. Huku akipambana na pedali, lazima adumishe kimo, afuate njia aliyopewa, ajibu redio na ajiandae kutua. Macho hayaruhusiwi kuganda kwenye ala moja: huanzia kwenye upeo bandia, huenda kwenye mwelekeo, kimo au mwendo, kisha hurudi kwenye upeo bandia.

Hatua za kozi hufuatana. Mwanafunzi huanza na kunyoosha ndege, kupanda, kushuka na kupinda kwa nyuzi tatu kila sekunde, kiasi cha kukamilisha duara kwa dakika mbili. Hufuata kusubiri angani juu ya alama ya redio kwa mizunguko ya umbo la yai. Kisha huja kufuata njia za kutua. Mombasa na Nairobi zina mfumo wa kutua kwa ala unaotuma miale miwili ya redio: mmoja huonyesha mstari wa katikati wa njia ya kurukia, mwingine mteremko wa nyuzi zipatazo tatu. Mfumo wa aina hiyo uliongoza ndege ya abiria yenye ratiba kwa mara ya kwanza Januari 1938, wakati wa theluji, mjini Pittsburgh. Kwa kiwango cha kawaida, rubani akifika futi 200 juu ya ardhi bila kuona njia, hana budi kuongeza nguvu na kupanda tena. Zoezi linaloogopwa zaidi ni kufanya hivyo kwa injini moja. Kwenye uwanja wa Wilson, ulio zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, adhuhuri yenye joto yaweza kuacha uwezo mdogo sana wa kupanda, na mwanafunzi hufundishwa kupiga hesabu hiyo kabla ya kuondoka ardhini.

Masomo yaliyotokana na ajali

Historia ya karibuni imeonyesha kwamba idhini ikishatolewa, ujuzi wenyewe hauwi wa kudumu. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya injini mbili ya jeshi la anga la Kenya iligonga kilima karibu na Marsabit kwenye hali mbaya ya hewa. Watu 14 walikufa, wakiwamo viongozi waliokuwa kwenye ziara ya amani. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways ilianguka muda mfupi baada ya kuondoka Douala, Kamerun, na watu wote 114 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi wa Kamerun ulihitimisha kwamba marubani walipoteza udhibiti baada ya kupoteza hisia ya mwelekeo kwenye giza, ndege ikiwa imeinama taratibu bila ala kufuatiliwa. Ndege ilikuwa ya kisasa na marubani walikuwa na leseni. Udhaifu wa sikio la mwanadamu ulibaki uleule wa siku za Doolittle. Kwa sababu hiyo kanuni humtaka mwenye idhini apimwe upya mara kwa mara, na mashirika huwarudisha marubani wake kwenye simuleta.

Delta ya Tana

Huduma ya ndege katika delta ya Tana imekuwa na uzito wakati wa mafuriko. Mwaka 1961 mvua kubwa zilipofurisha Kenya, ndege za jeshi la Uingereza kutoka Eastleigh, Nairobi, zilidondosha chakula kwa wakazi wa bonde la Tana waliozingirwa na maji. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na yale ya 2023 yalikata mawasiliano ya barabara kati ya Garsen na Lamu. Shirika la madaktari warukao, lililoanzishwa mwaka 1957 na kuwekwa Wilson, limetumia kwa miongo mingi ndege za injini mbili kuwafikia wagonjwa wa maeneo ya aina hii.

Hapo mipaka ya idhini ya ala huonekana pia. Viwanja vidogo vya Kaunti ya Tana River, kama Garsen na Hola, ni vya kutua kwa kuona. Rubani mwenye idhini aweza kutoka Nairobi ndani ya wingu na kuvuka bara lote kwa usalama, lakini akifika juu ya delta lazima aone ardhi ndipo ashuke. Asipoiona, huendelea hadi kwenye uwanja alioupanga kuwa wa akiba, kama vile Malindi au Mombasa, akiwa na mafuta ya kutosha kufika huko. Urambazaji wa setilaiti umefanya iwezekane kuchora njia za kutua bila kujenga mitambo ghali ardhini. Lakini njia hizo hazitumiki mpaka zipimwe na kuidhinishwa kwa kila kiwanja. Kifaa cha setilaiti alicho nacho rubani hakimpi ruhusa ya kujichorea njia yake mwenyewe ndani ya wingu.

Kwa mwananchi wa Ozi, Garsen au Kipini anayesubiri ndege ya wagonjwa, mafunzo haya yana maana moja. Injini ya pili na ala za kisasa huongeza usalama pale tu rubani alipofundishwa kuvitumia vyote kwa pamoja, na akapimwa tena kabla ujuzi haujafifia. Miaka sita ya Soroti ilithibitisha kwamba mafunzo hayo yanaweza kutolewa kikamilifu ndani ya Afrika Mashariki, nchi zikishirikiana kuyagharimia.